Kumbukumbu za Kikao Kuhusu Mashine za Maji Moto, na Swali la Nani Mwenye Baridi Yake

KAMATI YA WENYE NYUMBA WA SAFU YA JUU
KIKAO CHA TATU

Siku: Jumamosi, kipindi hiki cha joto linalotutoa roho.
Mahali: Kibaraza cha nyuma cha Mwenyekiti, Nyumba ya Kwanza.
Muda: Kikao kiliitwa saa nane mchana. Kilianza Dereva alipomaliza kula.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, Nyumba ya Kwanza
2. Katibu, Nyumba ya Pili, ndiye mwandishi wa haya
3. Mama Saluni, Mweka Hazina, Nyumba ya Nne
4. Dereva wa basi la shule, Mjumbe, Nyumba ya Tano

MWALIKWA
Fundi wa mashine za maji moto

ASIYEHUDHURIA
Mpangaji wa Nyumba ya Tatu. Alituma ujumbe kwamba anaumwa na hawezi kuinuka. Alisikika bafuni kwake akiimba. Kamati inamtakia nafuu.

ASIYE MJUMBE ILA ALISEMA
Mke wa Mwenyekiti, kupitia dirisha la jikoni.

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwashukuru wajumbe. Kisha akawashukuru tena. Kisha akaanza kueleza semina aliyokwenda na hoteli aliyolala. Katibu alimkumbusha kwamba mume wake, yaani mzee wangu, yuko peke yake kitandani upande wa pili wa ua, na akihitaji kitu atagonga ukuta kwa fimbo, hivyo maneno yawe mafupi. Mwenyekiti alikubali, akamalizia hoteli.

KUMB. NA. 2/3: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Kumbukumbu zilisomwa. Mwenyekiti aliomba neno "alibwabwaja" liondolewe. Katibu aliliondoa, akaandika "alisema kwa muda mrefu bila kufika". Mwenyekiti alisema lile la kwanza lilikuwa na nafuu. Likarudishwa. Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/3: KUACHANA NA MABOILA YA UMEME
Mwenyekiti alieleza kwamba tatizo ni lilelile. Jioni watu wakirudi makwao wanawasha maboila kwa pamoja, transfoma inazidiwa, mtaa mzima unaingia gizani na kila mtu anabaki na sabuni mwilini. Watu wa umeme waliandikiwa. Walijibu kwamba tupunguze matumizi. Paneli za jua hatuwezi, kwa sababu lile ghorofa lililojengwa nyuma hutukalia juani kila alasiri kama mgeni asiyeaga, na jua la asubuhi peke yake halitoshi. Kwa hiyo kikao kilichopita kilichagua mashine zinazovuta joto la hewa, na Mwenyekiti akajitolea kufunga ya kwanza kwake ili tuone. Tumeona. Kwake maji ni moto na mita ya umeme inatembea polepole. Leo ilitakiwa nyumba zote zikubali, tena kwa kauli moja, maana ndivyo katiba yetu inavyosema, na boila moja likibaki, watu hawatakosa kulitolea macho na kurudisha yao.

Dereva alisema yeye haamini. Aliuliza hewa ina joto gani la kuchemsha maji, mbona yeye yuko kwenye hewa tangu azaliwe na hajaiva. Fundi alimjibu kwamba mashine ni kama friji iliyogeuzwa. Friji inatoa joto kwenye chakula na kulitupa nyuma yake. Hii inatoa joto kwenye hewa ya nje, inalitia kwenye tangi la maji, na ile hewa iliyonyang'anywa joto inapulizwa nje ikiwa ya baridi. Umeme wake ni kidogo sana ukilinganisha na boila. Dereva alisema hapo sasa ameelewa. Alipoulizwa ameelewa nini, alisema ameelewa kwamba Fundi anaelewa.

Mama Saluni alisema kwa mtu anayeosha vichwa vya watu kutwa nzima, yeye hahitaji hotuba, anahitaji tarehe ya kufungiwa.

KUMB. NA. 4/3: BARIDI INAYOTOKA KWENYE MASHINE YA MWENYEKITI
Katibu aliomba kusema kabla ya kura. Alieleza kwamba mdomo wa mashine ya Mwenyekiti unatazama ua wa Nyumba ya Pili, na baridi yake inaingia moja kwa moja dirishani kwa mzee wangu, ambaye kiharusi kimemlaza upande mmoja. Chumba kile mchana ni tanuri. Alikuwa halali, na yeye asipolala mimi silali, nakaa nampepea kwa mfuniko wa sufuria. Siku mashine ilipowashwa alilala mchana usingizi mzito, mpaka Katibu akaenda kumshika pua kuhakikisha.

Kisha juzi Alhamisi Mwenyekiti alisimamisha bati juu ya uzio wa ua ili baridi igonge pale na kurudi kwake kibarazani. Mzee wangu hajalala tangu siku hiyo.

Mwenyekiti alijibu kwamba hana nia mbaya. Alisema mashine ni yake, umeme ni wake, kwa hiyo hewa inayotoka ni zao la uwekezaji wake, na rasilimali haiwezi kuachwa ikapotea kwa jirani.

Katibu aliuliza hilo joto linalovutwa linatoka wapi. Fundi akasema linatoka kwenye hewa ya pale uani. Katibu akauliza ile hewa ya uani imepashwa na nini, kama si bati la paa la Nyumba ya Pili ambalo linawaka tangu asubuhi. Akasema basi Mwenyekiti anachota joto letu bure, anaogea, halafu makapi yake anayazuia. Akianza kudai baridi, sisi tutadai joto.

Mama Saluni alicheka. Aliombwa na Mwenyekiti kuheshimu kikao. Alicheka tena, kwa heshima.

Mwenyekiti alisema, "Mama, hapa si suala la ubinafsi. Ni suala la kanuni."

Katibu alisema, "Mwanangu, nilikufuta makamasi kwa upindo wa gauni langu, mama yako akiwa kazini. Sikukuuliza kanuni."

Mwenyekiti aliomba maneno hayo yasiandikwe. Ombi limeandikwa.

Katibu akatamka wazi kwamba bati lile lisipotoka, Nyumba ya Pili haikubali mashine na boila lake la zamani litabaki palepale, na bila kauli moja hakuna nyumba itakayofungiwa. Mama Saluni aliacha kucheka. Dereva alisema, "Bibi, sasa unatuingiza gizani wote." Katibu alijibu kwamba gizani tuko siku nyingi, na kwamba yeye hajamfunga mtu, amekaa tu kwenye kiti alichokuja nacho.

KUMB. NA. 5/3: KATIBU KUTOKA
Hapo fimbo iligonga ukutani. Katibu alikwenda kumgeuza mzee wangu na kumnywesha maji. Alikwenda na kalamu na karatasi zake.

Aliporudi aliambiwa kwamba kikao kimekwisha kuamua, kwa kura, kwamba bati libaki na kila mwenye mashine ndiye mwenye hewa yake. Katibu aliuliza uamuzi huo umeandikwa wapi. Ikaonekana haujaandikwa mahali. Katibu alisema kisichoandikwa hakikukaliwa, wala yeye haandiki asichokisikia kwa masikio yake.

Mwenyekiti aliagiza kura irudiwe. Dereva alisema yeye hakupiga kura yoyote, aliinua mkono kujikuna kwapa. Mama Saluni alisema aliukubali uamuzi kwa sababu alidhani Katibu ameghairi. Aliulizwa nani alimwambia hivyo. Alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama dari.

KUMB. NA. 6/3: HALI YA KIBARAZANI
Baridi iliyozuiwa na bati ilikuwa inawarudia wajumbe migongoni muda wote huo. Mama Saluni aliondoa vikombe, akajifunika kitambaa cha meza. Chai ilipoa kabla ya kunywewa. Fundi alihamisha kiti hadi juani, yeye aliyetuletea mashine. Mwenyekiti alisema hali ya hewa ni murua kabisa, akapiga chafya.

Ndipo Mke wa Mwenyekiti alipofungua dirisha la jikoni. Alisema, "Baba watoto, haya maji ndiyo umeniambia yanachemka? Nimeoga uvuguvugu tangu juzi, nafikiri nimeanza kuzeeka ngozi."

Mwenyekiti alimwambia kwamba tangi jipya linahitaji kuzoea.

Mke wa Mwenyekiti aliuliza mbona wiki iliyopita lilikuwa limezoea.

Fundi aliulizwa. Alisema bati linairudishia mashine baridi yake yenyewe, nayo inavuta hewa ambayo imekwisha kunyang'anywa joto. Inafanya kazi kutwa na haipati kitu. Dereva alisema ni sawa na mtu anayekamua nguo aliyokwisha kuikamua. Wote walikubali kwamba kwa mara ya kwanza Dereva amesema.

Mke wa Mwenyekiti alisema, "Kwa hiyo unamnyima babu usingizi, na mimi unaninyima maji, ili wewe upigwe baridi mpaka upige chafya?"

Mwenyekiti alisema suala hilo litaingizwa kwenye ajenda za kikao kijacho.

Mke wa Mwenyekiti alifunga dirisha. Wajumbe walidhani yameisha. Alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa na taulo kichwani, akashika bati upande mmoja, akamwambia Dereva, "Shemeji, shika huko." Dereva alishika. Bati lilishuka. Lilikwenda kuwekwa kwenye banda la kuku, ambalo lilikuwa likivuja tangu masika na Mwenyekiti akisema hana bati.

Aliporudi ndani alisema, "Samahani mama." Alimwambia Katibu, si Mwenyekiti.

KUMB. NA. 7/3: MAAZIMIO
Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Iliazimiwa kwa kauli moja:

(a) Nyumba zote tano ziachane na maboila ya umeme na zifungiwe mashine za kuvuta joto. Fundi aanze na Mama Saluni, vichwa vinasubiri.

(b) Kila mashine ielekeze mdomo wake kwa jirani wa chini yake. Ya Kwanza impulizie wa Pili, wa Pili wa Tatu, na kuendelea. Mpangaji wa Nyumba ya Tatu hakuwepo kukataa, kwa hiyo amekubali. Ya Dereva itapuliza barabarani, kwenye benchi la wanaosubiri basi, nao watajua mtaa huu una watu.

(c) Mtu yeyote asisimamishe bati, ubao, pazia wala godoro mbele ya baridi ya mwenzake.

Mwenyekiti aliuliza yeye, aliye nyumba ya juu kabisa, atapulizwa na nani. Mama Saluni alisema uongozi ni kutoa. Dereva alisema kichwa ndicho hutangulia kupigwa jua. Mwenyekiti alisema hiyo si haki, na kwa kweli alionekana mnyonge, mtu mzima na jasho limemlowesha kola.

Katibu, ambaye si mtu wa kinyongo ijapokuwa ana kumbukumbu nzuri, alisema Mwenyekiti anakaribishwa mchana wowote kukaa chumbani kwa mzee wangu penye dirisha. Masharti: aje na kiti chake, na asihutubie.

KUMB. NA. 8/3: MENGINEYO
Mwenyekiti alikuwa na mengineyo. Katibu aliinua mkono ili wajumbe wasikilize. Fimbo ilikuwa kimya. Katibu alikwenda kuchungulia, akakuta mzee wangu amelala, mdomo wazi, pazia la dirisha linacheza. Alirudi akawaambia wajumbe kwamba atakayepaza sauti atatoka na kiti chake.

KUMB. NA. 9/3: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa kumi na nusu jioni kwa kunong'ona. Wajumbe walitoka wameshika viatu mkononi. Mpangaji wa Nyumba ya Tatu bado alikuwa anaimba. Mama Saluni alitumwa kwenda kumnyamazisha, akamnyamazisha.

SAINI

Katibu: (ametia, kwa mkono wake mwenyewe)

Mwenyekiti: Haijapatikana. Nilimpelekea karatasi hizi asaini, nikamkuta kwenye kiti chake kando ya kitanda cha mzee wangu, wote wawili wanakoroma. Nimemfunika shuka miguuni. Atatia akiamka.