Mvinyo Unaolelewa

Schaerbeek, Brussels

Mama mkwe mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe. Je, miguu imeacha kuvimba? Na mvua za Likasi hazijaubomoa ukuta wa jiko? Mimi mwili ni mzima. Habari za moyo utazisoma hapa chini, ukae kwanza.

Kila mara unaniuliza mwanao Josias atarudi lini kutoka Hispania. Unajua alikwenda kuchuma zabibu msimu mmoja tu. Mavuno yakaisha, akanipigia simu: "Bon, Hadassa, siwezi rudia sasa, kuko crianza." Akanieleza kwamba mvinyo mwekundu hutulizwa ndani ya mapipa ya mwaloni, unahamishwa pipa hadi pipa ili mashapo yabaki chini, halafu unalazwa tena ndani ya chupa kabla ya kuuzwa. Ni kazi ya subira, alisema, haiachwi katikati. Mimi nikaamini. Tena nilijivuna! Niliwafundisha wanawake wa kanisa mambo ya mapipa mpaka rafiki yangu Cécile akaniita Madame Crianza. Mavuno mengine yakapita, na mengine tena, jibu likawa lile lile.

Mwezi uliopita nilichoka kungoja, nikapanda basi bila kumwambia. Kwenye kiwanda cha mvinyo nilimkuta mzee mmoja akiosha mapipa, anajua Kifaransa kidogo. Nikamuuliza Josias yuko wapi. Akasema yuko nyumbani na crianza yake. Nikamwonyesha mapipa, nikamuuliza kama crianza si hii hapa. Mzee akacheka, akashusha mkono hadi gotini, kimo cha mtoto. Maskini, hakujua anaongea na nani. Akanieleza kwamba kwao neno hilo maana yake ni malezi: mvinyo unalelewa, mtoto naye analelewa, neno ni moja.

Mama, nililia palepale, na mzee akabaki ameshika brashi yake hajui afanye nini.

Alinielekeza nyumba. Josias mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, na nyuma yake alisimama mwanamke wa huko na kitambaa cha jikoni begani. Hakukana. Alisema tu, "Sikukudanganya, nilikuambiaka ile neno yenyewe." Donc kosa ni langu mimi nisiyejua Kihispania!

Sasa lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Una mjukuu, Mama. Tulivyofunga na kuomba, wewe huko na mimi hapa, Mungu amejibu, ila amebisha mlango mwingine. Ni msichana. Josias amempa jina lako, Mwadi. Ni ndoyi yako. Jina hilo tulilichagua tukiwa wachumba, kwa binti ambaye ningemzaa mimi.

Nilipotaka kuondoka mtoto alinishika sketi. Ana mwanya wako na paji lako la uso. Nilijaribu kumchukia, nikashindwa. Nikambeba, nikamwita Mwadi, mara moja tu, kama mama anavyomwita mwanawe, kisha nikamrudisha kwa mama yake mwenyewe.

Mpokee, usimkatae kwa ajili yangu. Nisalimie baba mkwe, Papa Kyungu, na umweleze polepole, unajua moyo wake. Sijui kama bado nina haki ya kukuita Mama. Leo nimekuita, unisamehe.

Mkweo,
Hadassa