Manjano ya Zuhura

Jumanne

Hapana, chini ya picha nyekundu pilipili siweki. Watu watapiga chafya badala ya kutazama.

Picha za mke wangu Zuhura hazina mtu wala mti, ni rangi tupu. Ndiyo maana kwenye maonyesho haya nataka kila rangi inuswe, iguswe. Leo chini ya ile ya manjano nimemwaga manjano yenyewe, ya kusaga, kutoka Kariakoo. Katibu wa ukumbi akanikera: "Ndugu, hii picha ya nini?" Kabla sijajibu akavuta pumzi, akapoa. "Kama jikoni kwetu," akasema.

Laiti Zuhura angemsikia. Amepangiwa kufundisha katika kijiji cha ujamaa, Lindi, maonyesho hatayaona.

Mikono yangu inanukia kama yeye akitoka jikoni. Chakula kipo mezani, kinapoa. Nikitaka kula, itabidi ninawe.