Halima, Nimeacha Kupungua

Halima, abaayo, dada yangu,

Ejok. Ungekuwepo ungeniitikia salamu kabla sijamaliza neno, mkono mmoja bado unapimia mteja kitambaa. Nakuandikia kutoka Kakuma. Nilihamishiwa shule ya huku baada ya wewe kuondoka, na alasiri upepo huinua vumbi mpaka nyumba za ng'ambo ya barabara zinayeyuka machoni. Mara nyingine ndani ya vumbi hilo hupita mwanamke mwenye gauni pana la manjano kama lako, nami husimama nikimsubiri ageuke. Anageuka, na si wewe.

Unalikumbuka lile benchi la zahanati ya Lodwar? Sote presha imepanda, sote tumeambiwa tupunguze mwili, na wewe, ambaye hatukuwahi hata kusalimiana, ukaniegemea ukaninong'oneza: "Mwalimu, peke yangu siwezi. Tupungue pamoja." Basi tukapungua pamoja. Alfajiri nilitoka kwangu Kanamkemer, wewe ukatoka kwako nyuma ya duka, tukakutana kando ya mto Turkwel na kutembea chini ya mikoma kabla jua halijawa kali. Chai bila sukari. Ugali mdogo kama ngumi, kisha nusu ya huo. Nyanya yangu alisema hajaona jambo kama hilo tangu azaliwe, Mturkana kuwekewa chakula akakikataa kwa hiari yake. Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakaa mchangani.

"Tukifika uzito tulioambiwa, tutaacha pamoja, siku ile ile," ulisema.

Ulikuwa umebakiza kidogo tu. Halafu ile safari ya kuleta bidhaa kutoka Kitale, lori likapinduka kabla ya kufika Lokichar, na… Hapo siwezi kupaandika.

Nilifika peke yangu, Halima. Muuguzi alinipongeza, presha ilikuwa imeshuka vizuri. Ningeacha siku ile. Lakini ningeacha, tungebaki na nini mimi na wewe? Nikaendelea. Nikala kidogo zaidi, nikatembea mbali zaidi. Magauni yakapwaya, wazazi wa wanafunzi wakaanza kuniuliza kwa sauti ya chini kama naumwa. Na njaa ile ilikuwa na utamu wake, sikufichi. Kichwa kilikuwa chepesi, mchana wote ulielea kama usingizi wa asubuhi, nami nilikusikia kando yangu, ndala zako zikipiga mchanga. Sikutaka kuamka.

Nilikuwa naandika ubaoni chaki iliponidondoka, nami nikaifuata chini. Darasa zima lilipiga kelele.

Dada wa lishe hospitalini hapa Kakuma alinitazama mikono kwanza, kabla ya kutazama mizani. "Mwalimu," akasema, "kazi ya kupunguza uliimaliza zamani. Sasa mwili unajila wenyewe." Akanieleza kwamba kuna chakula cha kupungua na kuna chakula cha kubaki ulipo: unakula kiasi ambacho mwili unakitumia kwa siku, usishuke, usipande. Niongeze polepole, maharagwe kidogo, yai, maziwa, chapati moja. Na niinue vitu vizito, ili misuli niliyoipoteza irudi. Nilitikisa kichwa kukubali, kisha nikalia mbele yake. Hilo neno, kubaki. Kila mtu alikuwa amelikwepa tangu tukuzike, na yeye akalisema kama dawa ya kumeza baada ya chakula.

Jirani yangu hapa ni Furaha, mama wa Kikongo mwenye mabega ya kutisha. Nyuma ya kanisa lao ana bomba la chuma lenye makopo ya saruji huku na huku, na wanawake huja kuliinua jua likipungua. Siku ya kwanza aliniuliza nimekula nini. Nikasema chai.

"Chai haiwezake kuinua chuma," akasema. "Wende ukule kwanza, kisha urudie."

Nilienda, nikala, nikarudi. Nilianza na bomba tupu, nikitetemeka kama ndama aliyezaliwa leo. Mizani ilipopanda kidogo niliogopa nikaruka chakula cha jioni, na kesho yake Furaha alijua kwa kuniangalia tu nikishika chuma. Dada wa lishe alisema ni maji, mwili unalowesha palipokauka. Kweli, mizani ikatulia. Mimi ndiye niliyechelewa kutulia. Kila chapati niliyoimaliza niliona kama nakuacha njiani, wewe unaniita na mimi natafuna.

Likizo ilipofika nikashuka Lodwar kumwona Hooyo, mama yako. Nilikuwa sijaingia nyumba ile tangu msiba. Akaweka sinia mbele yangu, mikate laini ya anjera na nyama ya ngamia, samli inang'aa juu. Nikasema, "Kidogo tu, Hooyo."

Akanitazama sana. "Halima naye alisema hivyo hivyo. Kila Ijumaa. Kidogo tu, Hooyo, kisha anamaliza sinia."

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa. Alisema, usimwambie mwalimu, atanichapa."

Halima! Na mimi Ijumaa hizo nilikuwa Kanamkemer na chai yangu ya rangi, nikijipa moyo kwa kukuwaza wewe! Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na Hooyo akacheka, na sijui ni wakati gani kicheko kiligeuka, ila tulijikuta tumeshikana na nyuso zimelowa. Kisha nikala. Nikala nikashiba, na hukuniacha. Ulikuwa pale pale, umeshiba pia.

Hooyo alipotaka kusimama, magoti yakagoma. Nikachuchumaa, nikanyoosha mgongo, nikampitishia mikono kwapani na kusukuma ardhi kwa miguu. Akainuka taratibu, mwepesi, kama mtu anayeinuliwa na maji.

"Nguvu hizi umezitoa wapi, mwanangu?"

Nilimshikilia mpaka miguu yake ikakubali.

Sitakufuata tena njaani, abaayo. Nitakula, nitainua chuma, na kila shule zikifungwa nitakuwa nyumbani kwenu. Mungu akulaze mahali penye kivuli. Pumzika. Mama yako niachie mimi.

Wako,
Akiru