Ulizima Injini kwa Adhana

Shikamoo, Baba.

Najua marahaba haitakuja, lakini sijui kuanza na wewe kwa neno jingine. Hata tuliponuniana nilikuamkia kila asubuhi pale barazani, kisha nikapita haraka nisikutazame usoni. Leo nakuandikia mbele ya watu kwa sababu nilikuvunjia heshima mbele ya watu.

Unalikumbuka gari lako jekundu la milango miwili? Swali la kijinga. Ulilileta kutoka Mombasa kupitia mpaka wa Horohoro kabla sijaanza shule, na Mama akasema umemletea mke mwenza. Ufundi nimejifunza kwa kulala chini yake. Ulinifundisha kusoma plagi: tunakwenda mwendo mkali, tunasimama, unaichomoa ikiwa bado inaunguza, unaigeuza kwenye mwanga. "Nyeupe hii. Injini ina njaa, iongezee mafuta." Ikiwa na rangi ya kahawa, uliirudisha bila neno, ukitabasamu.

Halafu nikaja mimi na turbo yangu ya mtumba na kompyuta. Nilitaka injini kuukuu isukumiwe hewa kwa nguvu, ikimbie kama changa. Ulicheka. "Mzee huyu ukimlisha sana atavimbiwa." Lakini hukunizuia. Mwezi mzima tulihangaika nayo pale gerejini kwako Makorora, mimi napanga mafuta na cheche kwenye kompyuta, wewe unahakikisha kwa plagi. Na mara nyingi, Baba, plagi yako ilinisuta.

Siku ya kufunga bomba linalopeleka oili kwenye turbo uliniambia jambo moja tu: "Hapa usipake gundi. Gasketi tupu." Ukaenda kusali. Bomba likawa linavuja kidogo kidogo, nami nina haraka zangu. Nikachukua gundi ya silikoni nyekundu, nikapaka, nikakaza. Uliporudi ukakuta pakavu, ukanisifu.

Jumamosi ile tukalijaribu barabara ya Pangani, hadi Mwera na kurudi. Wewe kwenye usukani, mimi na kompyuta mapajani. Lo, liliondoka! Ulipiga ukelele wa furaha ambao sijawahi kuusikia kwako. Tulipokaribia mjini ukapunguza mwendo, ukalitembeza pole pole mpaka wenye baiskeli wakatupita. Nikakuuliza kulikoni. "Limekimbia, liache lipumue," ukasema. Sikutia maanani.

Tulipoingia gereji tu, adhana ya Alasiri ikaanza. Ukazima. Miaka yote ulifanya hivyo: adhana ikisikika, hakuna injini inayonguruma gerejini mwako, hata iwe ya mteja. Nikapiga kelele, "Usizime!" Turbo ikiwa moto, injini huachwa ikinguruma dakika mbili hivi ili oili iipooze, la sivyo oili inaungulia mle ndani. Ulikuwa umeshachomoa ufunguo.

Baada ya sala tukaliwasha. Turbo ikalia kama bati linalokwaruzwa, moshi wa buluu ukatujaa. Na mimi, mwanao, mbele ya Shemboza fundi mwenzetu na wateja wawili watatu, nikasema: "Umeiua, mzee! Ungesubiri dakika mbili tu, Mungu angeikataa sala yako?"

Ulimi ule niliutoa wapi? Ulifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, ukasema, "Nisamehe, mwanangu. Ni mazoea." Nikainamia injini kama sikusikia. Sikukujibu.

Hukurudi tena gerejini. Ulisema ni miguu. Gari nikalifunika turubai kwa kinyongo, na turbo sikuifungua hata kuitazama, maana mkosaji nilishampata. Watu wakawa wanakutania njiani, "Mzee wa dakika mbili!" Nilisikia, nikakaa kimya. Miezi michache baadaye presha ikakuchukua.

Baada ya arobaini yako ndipo nilipoifungua. Kwenye tundu la oili palikuwa na donge la silikoni nyekundu, limeziba karibu lote. Turbo ilikuwa inazunguka kavu njia nzima. Kuzima kwako hakukuunguza kitu, Baba, kwa kuwa ulishaipooza barabarani. Ulijua Alasiri inakaribia, ndiyo maana ukalitembeza vile. Shemboza akachungulia begani mwangu. "Gundi hii ya nani?"

"Sijui," nikasema. "Labda turbo ilikuja nayo."

Wallahi, hivyo ndivyo nilivyosema. Nilikusingizia ukiwa hai, nikakusingizia tena ukiwa kaburini. Tangu siku ile chakula hakipiti. Mama anadhani ni msiba, ananipikia vitu ninavyovipenda, nami namwonea aibu.

Nimetafuta turbo nyingine, nimeifunga kwa gasketi tupu. Jana nilikwenda Mwera peke yangu. Plagi ikatoka rangi ya kahawa. Nikarudi kwa mwendo wako ule, na wenye baiskeli wakanipita. Nilipoingia gereji adhana ikaanza, nikazima.

Shemboza akacheka. "Ala! Hata wewe? Hujakoma kwa aliyoyafanya mzee?"

Nikamwambia tusali kwanza. Tuliporudi nikaliwasha gari mbele ya Shemboza na wateja waliokuwepo. Hakuna mlio, hakuna moshi. Nikatoa lile donge mfukoni, nikaliweka juu ya boneti. "Turbo ya kwanza niliiua mimi kwa hili," nikasema. "Mzee alinikataza." Shemboza akaliangalia, akaniangalia, akatoka nje. Mpaka tunafunga gereji hakunisemesha, na sikumlaumu.

Jioni nikamweleza Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja: "Naye alijua?"

"Hapana, Mama."

"Basi amekufa akidhani ni yeye." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Nimekaa na maneno hayo usiku kucha. Nilikuwa nimejidanganya kwamba nikisema ukweli nitapumua. Nimesema, na kifua bado kizito, kwa sababu aliyestahili kuusikia hayupo. Wewe uliniomba msamaha kwa kosa langu, nami nikakunyima. Baba, hukuwa na kosa. Niwie radhi, kama radhi inafika huko uliko.

Mwanao,
niliyeinamia injini nisikujibu.