Tairi Zilizoishia Mutoni

Mujukuu wangu Amina,

Sisi hapa Baraka tunapumua. Mama yako amepona mafua, na samaki ya ndagala zimerudi ziwani. Unaniuliza ubaki Lubumbashi ao urudi. Mi sijui. Nikuambie tu jambo la miaka ya hamsini.

Tulikuwa vijana bane, tunapanda mulima na baiskeli kwenda Fizi, kwa ndoa ya kaka yangu. Tukakuta mvua imebeba daraja. Tukageuka kutafuta njia ingine. Kwa kuteremka, kila muntu alifunga tawi la muti nyuma ya baiskeli, lipunguze mbio. Kumbe matawi yalikuwa yanafuta alama za tairi zetu za kurudi; za kwenda zilibaki upande ingine wa njia.

Kaka alikuwa ametoka Fizi kuja kutupokea. Maji yalikuwa yamepungua, akavuka kwa miguu, akaona alama zinaingia mutoni, hazirudi. Akakimbia mpaka Baraka: "Mama, muto umebeba batoto!"

Sisi tukafika Fizi wazima. Bibi harusi akauliza, "Bwana wangu alienda kuwapokea, iko wapi?" Tukaanza kumulilia yeye.

Siku mbili ndoa ilingoja, mpaka tukakutana. Hata leo sielewi nani alikuwa amepotea.

Ukirudi, tuma kwanza habari ya njia unayopita. Najijua: nitatoka kukutafuta, na wewe utafika hapa usinikute.

Ni mi, koko wako