Mahali au Mahari

Jumatatu, 9 Machi

Mahindi iko jikoni, inachemka. Mwende bado yuko shule. Mimi hata nikijiandikia peke yangu siwezi kuanza bila salamu, ndivyo nilifundishwa kuandika. Basi. Baba Mwende hajambo, yuko Athi River huko EPZ anashona suruali, atakuja mwisho wa mwezi. Mutuku wangu wa kwanza hajambo, yuko Mombasa, hapigi simu, lakini angekuwa mgonjwa ningesikia. Susu yao, mama yangu, hajambo, yuko Muthetheni na magoti yake. Mwende hajambo, mashavu imeshuka. Kuku hajambo. Mimi nimebaki.

Leo wanarudishiwa insha. Wakati Mwende alikuwa na matubwitubwi, amefura kama ameficha viazi mdomoni, Madam wa Fasihi alinipigia simu akanipa swali. Nikaliandika nyuma ya pakiti ya unga. Linganisha mahari katika hadithi mbili. Moja ile walisoma darasani, nyingine ya kusimuliwa nyumbani. Mwende aliuliza, "Mum, una uhakika ni mahari?" Nikamwambia ndivyo Madam amesema. Akaandika na homa yake. Ya nyumbani alichagua ile nilikuwa namsimulia akiwa mdogo, ya msichana na eimu, lile zimwi la kula watu. Akampigia hata susu amuulize habari ya mbuzi za ntheo, zile zinapelekwa ndiyo ndoa ihesabike. Tulicheka sana hiyo wiki. Nilijisikia mtu wa maana.

Naomba apate vizuri.

Jumanne, 10 Machi

Hakupata kitu. Insha imejaa wino nyekundu. Madam ameandika juu: Swali lilikuwa mahali, si mahari. Rudia. Ilete Ijumaa.

Mahali. Pale hadithi inafanyika. Sasa mimi nitajuaje? Kwa mdomo wetu Wakamba hiyo L na R ni mtu na pacha wake. Na Madam ni wa kwetu pia.

Darasani wamemcheka. Kijana mmoja amemuuliza, "Mwende, baba yako anataka mbuzi ngapi?" Wengine wote wakalia meee. Alinielezea hayo akiwa amesimama mlangoni, begi bado mgongoni. Halafu akasema, "Si ungemuuliza tu mara ya pili, Mum." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Alichukua sahani akaenda kula nyuma ya pazia, kwa kitanda yake. Mtoto huyu alikuwa ananiambia kila kitu. Mpaka nani amekatwa nywele vibaya.

Jumatano, 11 Machi

Nimepika muthokoi, anaipenda. Amesema asante. Nimemuuliza insha inaendaje. Sawa. Shule je. Sawa. Nikuwekee maji ya kuoga? Sawa.

Mvua imeanza. Nimewasha redio ndiyo kuwe na mtu anaongea.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeharibu zaidi.

Niliona niende shule nimwambie Madam kosa ni langu, asimhesabie mtoto. Sikumwambia Mwende. Nilivaa ile nguo ya kanisa. Madam alinikaribisha vizuri ofisini, akanipa kiti. Nikajieleza. Akashika kichwa. "Lakini Mama Mwende, mimi nilikuambia mahari!"

Nikamwambia, ndiyo, Madam, ndiyo nikaandika mahari.

"Si mahari! Mahari! Pare hadithi inatendeka!"

Kulikuwa na mwalimu mwingine hapo, wa kutoka pwani, chai ilimpalia. "Wallahi nyinyi wawili mtaniua," akasema. Walicheka, na mimi nikacheka kwa heshima. Lakini Madam alisema insha lazima irudiwe, hawezi kumpa maksi ya swali lingine. Ni haki. Nikaaga.

Nikitoka, darasa lao liko dirishani. Na mtu akalia meee.

Jioni Mwende ameniuliza, "Nani alikutuma?" Basi. Hilo tu. Pazia.

Nilitaka kusaidia. Sikujua kusaidia kunaweza kumuaibisha mtu hivyo. Baba yake amepiga simu, nimesema tuko salama. Kwa hii nyumba tuko wawili lakini anayeongea ni mimi, na naongea na sufuria. Naogopa asije akazoea kuninyamazia. Mutuku alianza hivi hivi, neno moja moja, mpaka akaenda.

Ijumaa, 13 Machi

Asubuhi nikipepeta mchele nimesikia, "Mum." Nikafikiri ni redio.

"Mum. Hadithi ya eimu. Ilifanyika wapi?"

Nikasimama na ungo wangu. Nikamwambia ukweli, kwamba haina mahali. Mama yangu alituambia eimu anakaa mtoni, kule chini ya mikonge, Muthetheni. Kwa sababu mto ulikuwa ukijaa na alitaka tusishuke. Na mimi nilimwambia Mwende akiwa mdogo eimu anakaa nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi, hapa Mumbuni.

Pazia ikafunguka. "Kwa hivyo ulinidanganya?"

"Malori yalikuwa yanageukia hapo. Na wewe ulikuwa mkimbiaji."

"Mum! Nilizunguka mbali nisipite posho mill mpaka darasa la sita!"

"Na uko hai."

Hakucheka, lakini mdomo ulijipinda kidogo. Akaketi, hapa mezani, akaandika haraka haraka akiniuliza. Mto ulikuwa upande gani? Kulikuwa na miti? Na susu alikuwa anasimulia akiwa ameketi wapi? Akasema kwa ile hadithi ya kitabu mahali hapasogei, ni mji mmoja mwanzo mpaka mwisho, lakini yetu inasogea na mama anayeogopa. Sikuelewa yote. Niliendelea kujibu huku nikipika. Mchele uliungua, tukala hivyo.

Akiwa anafunga begi akauliza, "Jina lako lote ni gani? La kitambulisho. Lazima tuandike msimulizi."

Nikasema, andika Mama Mwende.

"Hapana. Lako."

Nikamtajia. Roseline Ndunge Kyalo. Ilitoka kama jina la mtu wa ofisini. Hapa plotini mimi ni Mama Mwende, kanisani Mama Mwende, hata baba yake ananiita hivyo. Aliandika polepole. Akanionyesha kama ameandika sawa, nikasema sawa.

Jumapili, 15 Machi

Kanisani tulikaa benchi moja. Amelala sasa, amechoka. Mvua imepungua. Bado haongei kama zamani, lakini sahani ameileta mezani.

Insha iko kwa Madam, na jina langu liko ndani yake. Madam, ukimaliza kuisahihisha usikae nayo. Tuma neno mapema, hata kwa simu. Mimi nitauliza mara mbili.