Mikia ya Kondoo Wetu

Mlali,
Morogoro.
12 Novemba 1996.

Mpendwa Kaka Bartholomeo,

Shikamoo. Huko Bukoba mnaendeleaje, na kile kifua chako kimepoa? Sisi tu wazima, ila mama magoti yanamsumbua baridi ya mlimani ikishuka. Mvua za vuli zimeanza vizuri.

Nilikuficha jambo, kaka, na leo nalitoa. Shemeji yako Amosi alipopunguzwa kiwandani mwaka jana, alinunua majike wanane wenye mimba, kondoo wetu hawa wa mkia mnene wa mafuta, ili tuuze madume wakati wa Idd el-Haji. Jamaa mmoja aliyewahi kufanya kazi shamba la kondoo wa sufu akamwambia mikia inashika tope na kualika funza, heri ikatwe ingali midogo. Basi tukafunga mikia ya wanakondoo wote kwa vipande vya mpira wa baiskeli mpaka ikadondoka. Sisi watu wa kanisani tulijua nini?

Idd ikafika. Mzee Yunusi, aliyekuwa ameahidi kuchukua wanne, akapapasa nyuma ya wa kwanza, akapapasa wa pili, kisha akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu Rahel, wa kuchinja Idd awe mzima. Hawa mmewapunguza kiungo."

Nilitamani ardhi inimeze. Madume wote waliishia buchani, isipokuwa mmoja tuliyembakiza kwa mbegu.

Hapo majirani wakapata la kusema: dume asiye na mkia atazaa wasio na mikia. Mimi nilicheka, Amosi hakucheka. Alinunua begi, akasema wakizaliwa vigutu anauza wote, anakwenda Dar kutembeza nguo mitaani. Niliogopa sana, kaka. Wangapi wameondoka hivyo na mpaka leo hatujui waliko?

Jumamosi asubuhi majike wawili wakazaa, mmoja wao mapacha. Nilimkuta Amosi amepiga magoti kwenye tope, anapapasa nyuma kama Mzee Yunusi. Wote watatu wana mikia, tena mipana! Mzee Yunusi alikuja kuwaona, akasema wakitimiza umri wa kuchinjwa, yeye ndiye wa kwanza. Amosi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikalia kabisa.

Msalimie wifi Scholastika na watoto. Mama anakuombea kila jioni, naye Mungu akuzidishie afya.

Usimwambie Amosi kwamba nimekuandikia habari za lile begi. Sasa analitumia kuwekea pumba za kondoo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Rahel